Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni la biashara ndogo. Halikuandikwa kwa ajili ya wenye maduka makubwa ya Sumbawanga mjini. Limeandikwa kwa ajili yako wewe unayekaanga maandazi kando ya barabara. Wewe unayepanga nyanya mafungu mafungu. Wewe unayenunua maharage kijiji hiki ukayauze kijiji kile.

Siku hizi watu wa namna yetu tunaitwa wajasiriamali. Neno ni refu, lakini lisikutishe. Lisome polepole: wa-ja-si-ri-a-ma-li. Mjasiriamali ni mtu anayethubutu kuiweka mali yake mahali ili izae. Yule anayethubutu na shilingi 20,000 ni mjasiriamali, sawa na yule anayethubutu na milioni 20.

Wengi hudhani mjasiriamali husitawi kwa bahati, au kwa kupata fedha nyingi mara moja. Mimi pia nilidhani hivyo. Leo nataka tuzungumze juu ya mambo madogo ya kila siku, yale yasiyosemwa mkutanoni: saa ya kuamka, mahali pa kuweka fedha, neno la kumjibu anayetaka kukopa, na kalamu ya jioni. Hasa kalamu ya jioni.

HAPA KWETU LAELA

Laela ya leo siyo ile ya wazee wetu. Mwezi Februari mwaka 2008, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba mkubwa wa msaada. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye barabara ya lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga. Barabara hiyo ina urefu wa kilometa 223.2. Kipande cha Laela hadi Sumbawanga peke yake ni kilometa 95.3. Wanaokumbuka safari za wakati wa mvua kabla ya lami wanajua tope lilikuwaje.

Sasa mabasi yanapita. Malori ya mahindi yanapita. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga nayo yapo hapa hapa Laela, kwa hiyo watumishi wapo, na watu wa vijijini wanakuja kwa shida zao. Wote hao wanakula, wanakunywa chai, wananunua vocha. Wateja wapo.

Basi mbona wengi wetu tunafungua kibanda mwezi wa Juni, tukishauza mazao, na mwezi wa Januari kibanda kimefungwa? Tazama kando ya barabara utaona mabanda matupu. Mwenyewe ukimwuliza atakwambia, "Biashara ilikufa." Ukimwuliza ilikufa kwa ugonjwa gani, hajui.

Mimi najua, maana ya kwangu nusura ife.

YALIYONIPATA

Nilianza kisomo nikiwa tayari na watoto wanne. Kabla ya hapo nilikuwa naweka dole gumba. Nilipojua kusoma na kuandika nilifurahi sana, nikasoma Biblia, nikasoma mabango ya zahanati, nikaandika barua kwa dada yangu. Lakini sikufikiri hata siku moja kwamba kalamu ina kazi katika chai na maandazi.

Mwaka mmoja tulipata maharage mazuri. Katikati ya mwezi wa Juni tuliuza, na baba watoto akanipa shilingi 200,000. Akasema, "Mama, anzisha kibanda chako. Januari mtoto wetu anaingia kidato cha kwanza."

Unajua, ndugu msomaji, tangu mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali imeondolewa, kidato cha kwanza hadi cha nne. Hata hivyo mtoto haendi shule akiwa mtupu. Anataka sare, viatu, madaftari, na kama shule iko mbali, godoro na sanduku. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zitoke kibandani.

Nikaanza. Baridi ya Ufipa ya Juni na Julai inapendelea muuza chai. Nilikuwa nauza mpaka sufuria linakauka. Watu wakasema, "Mama huyu ametajirika." Fedha nilikuwa nazifunga kwenye pindo la kitenge. Mteja akilipa, nafungua fundo, natia. Nikitaka unga, nafungua, natoa. Mtoto akitaka kalamu, natoa. Jirani akifiwa, natoa. Fundo lilikuwa nene, na mimi nikiligusa naona raha.

Katikati ya Desemba nikakaa chini kuhesabu. Nikamwaga fedha zote kitandani. Nilipata shilingi 58,500.

Nikahesabu tena. Ni zile zile.

Nitasema ukweli ingawa ni aibu. Jambo la kwanza lililonijia akilini ni kwamba nimeibiwa. Na mtu aliyekuwa karibu na fedha zangu ni mmoja tu, binti mdogo wa watu aliyekuwa akinisaidia kuosha vyombo na kupokea fedha mimi nikienda kisimani. Nikamwuliza kwa ukali. Akalia, akasema, "Mama, sijachukua hata mia." Mimi nikaona kilio chake ndiyo ushahidi. Kesho yake akafunga nguo zake akarudi kwao.

Baba watoto naye akaniuliza, "Fedha zimeliwa na nani?" Nikasema binti. Akanitazama, hakusema neno. Nyumba ikawa na ubaridi kuliko Julai.

MWALIMU AKANIPA KAZI YA SIKU SABA

Nilikwenda kumweleza mwalimu wetu wa kisomo. Nilitegemea anipe pole. Akaniuliza, "Jana umeuza kiasi gani?" Nikasema, "Nimeuza vizuri." Akasema, "Sikuuliza kama vizuri. Kiasi gani?" Sikujua. Akauliza tena, "Jana umetoa kiasi gani?" Sikujua vilevile. Akasema, "Sasa mtu asiyejua kilichoingia na kilichotoka, anajuaje kwamba ameibiwa?"

Akanipa kazi. Kwa siku saba niandike kila shilingi. Hata ya kiberiti.

Mkononi nina ukurasa wa siku ile ya kwanza, Jumatatu. Usome nami. Bei ni za wakati ule. Wewe weka za kwako.

Nilianza asubuhi na shilingi 20,000.

Mauzo ya siku nzima: 34,000.

Vilivyotoka kwa biashara: unga wa ngano 10,000, sukari 3,000, mafuta ya kula 5,500, mkaa 2,000, maharage 4,500. Jumla 25,000.

Vilivyotoka kwa mambo ya nyumbani: sukari ya nyumbani 1,500, vocha ya simu 1,000, mchango wa msiba 2,000, mtoto 500. Jumla 5,000.

Jioni nilibakiwa na 24,000.

Sasa fanya hesabu. Chukua mauzo 34,000, toa gharama za biashara 25,000. Inabaki 9,000. Hiyo ndiyo faida. Faida ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama zote za biashara. Lakini mkononi fedha zangu ziliongezeka kwa 4,000 tu. Zile 5,000 nyingine zilikwisha kuondoka kabla jua halijatua, na mimi nisingezikumbuka kama nisingeandika. Nani anakumbuka vocha?

Jumatatu hiyo ilikuwa njema. Jumatano haikuwa hivyo. Siku hiyo nilinunua dawa ya mbuzi, nikalipa fundi aliyerekebisha mlango, nikampa shemeji nauli. Yote kutoka kwenye fundo lile lile la kitenge.

Wiki ilipokwisha, mwalimu akakaa nami tukajumlisha. Mauzo ya siku sita yalikuwa 195,000. Gharama za biashara 147,000. Faida, 48,000. Nikafurahi. Mwalimu akasema, "Ngoja, usifurahi." Tukajumlisha ya nyumbani. Ikaja 53,500.

Umeona? Biashara ilizaa 48,000, nyumba ikala 53,500. Kila wiki nilikuwa nakata kipande cha mtaji, shilingi 5,500. Mtaji ni ile fedha inayofanya kazi, ndiyo inayonunua unga wa kesho. Toka katikati ya Juni hadi katikati ya Desemba ni wiki 26. Zidisha 5,500 kwa 26. Utapata 143,000. Toa hiyo katika 200,000 nilizoanza nazo. Inabaki 57,000.

Na mimi nilikuta 58,500.

Mwizi alikuwa ni mimi mwenyewe, bila kujua. Binti yule hakuchukua hata mia, kama alivyosema.

Nilikwenda kwao kumwomba radhi. Mama yake alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akanipa maji. Akasema, "Mama, asante kwa kuja. Mtoto amekwisha pata kazi Mpui." Basi. Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kusema. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nimeliandika jambo hili hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu. Ni mabinti wangapi wamefukuzwa, ni ndugu wangapi wameachana, kwa sababu ya fedha ambayo haikuibiwa na mtu?

JINSI YA KUANDIKA

Nunua daftari dogo. Piga mistari ukurasa uwe na safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka kwa biashara, kilichotoka kwa nyumbani. Tarakimu zipange zikae moja chini ya nyingine, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, ili kujumlisha kusikupe taabu. Tumia kalamu ya wino. Ya risasi hufutika, na nyingine tunaifuta wenyewe tukiona aibu.

Andika kila jioni, kabla ya kula. Nasema kabla ya kula kwa sababu mimi nilijaribu baada ya kula nikashindwa; mwili ukishiba unataka kulala. Wengine wanaona alfajiri inawafaa. Sawa, lakini usingizi unafuta mambo mengi kichwani.

Usingoje mpaka uwe na mwandiko mzuri. Daftari langu la kwanza limejaa makosa. Neno "sukari" nimeliandika namna tatu. Hesabu haikuharibika kwa sababu hiyo.

Na fedha ya simu, je? Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, wateja wengi, hasa madereva, hulipa kwa njia hiyo. Wengi wetu hatuihesabu, tunaiona kama fedha ya pembeni. Ni mauzo yale yale. Iandike siku ile ile iliyoingia. Ukienda kwa wakala kuitoa, yale makato yaandike upande wa gharama za biashara. Na namba yako ya siri usiiandike kwenye daftari hilo, wala usimpe mtu.

FEDHA YA NYUMBA NA FEDHA YA KIBANDA

Kuandika peke yake hakukuniponya. Kulinionyesha kidonda. Dawa yake ilikuwa kutenganisha.

Siku hizi nina makopo mawili. Moja la kibanda, moja la nyumbani. Kila siku ya kazi najilipa mshahara, shilingi 5,000. Naam, mimi ni mwajiri na mimi ni mfanyakazi. Nikiutia ule mshahara katika kopo la nyumbani, kibanda kimemaliza deni lake kwangu kwa siku hiyo. Mtoto akitaka kalamu, inatoka kopo la nyumbani. Kopo likiwa tupu, kalamu inangoja kesho. Mwanzoni watoto walininunia. Shemeji naye alininunia.

Kwa siku sita mshahara ni 30,000. Ikiwa faida ya wiki ni 48,000, inabaki 18,000. Katika hizo, 6,000 naweka hisa katika kikundi, na 12,000 zinarudi kuongeza mtaji. Nisidanganye: si kila wiki inakwenda hivyo. Wiki ya mvua kubwa wateja hawashuki kwenye basi. Wiki ya msiba wangu mwenyewe sikufungua kabisa. Lakini sasa nikipungukiwa najua nimepungukiwa kwa kiasi gani na kwa sababu gani.

Sisi watu wa Ufipa jambo hili halipaswi kuwa geni. Tazama kilimo cha wazee wetu cha intumba. Mvua zikielekea mwisho, mkulima hakusanyi nyasi akazichoma. Anazilundika, anazifunika kwa udongo, zinakuwa vilima vidogo shamba zima. Ndani humo nyasi zinaoza polepole. Juu yake anaweza kupanda maharage. Mvua za msimu unaofuata zikija, anabomoa vilima, anasambaza ule udongo ulionona, anapanda ulezi au mahindi. Mtu asiyejua akiliona shamba wakati wa kiangazi atasema hapa hakuna kitu. Sasa wewe fikiri: angetokea mtu wa kufukua intumba katikati ya kiangazi ili achukue nyasi za kuwashia moto, tungemwonaje? Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila nilipofungua fundo la kitenge.

ANAYESEMA "NIANDIKIE"

Mkopo ni jambo gumu kuliko yote, kwa sababu anayekopa ni jirani, ni shemeji, ni mtu mnayesali pamoja. Wiki ile ya mwalimu, watu walikula kwangu bila kulipa chakula cha shilingi 11,000. Madeni yale niliyaweka kichwani tu, na kichwa kina mambo mengi.

Dereva mmoja alizoea kuniambia, "Mama, niandikie, nikirudi kutoka Tunduma nalipa." Nami nilikuwa sijaandika mahali. Akirudi anasema, "Mama, si nililipa juzi?" Nitabisha na nini?

Sasa desturi yangu ni hii. Mpita njia simkopeshi. Namwambia kwa upole, "Baba, samahani, mtaji wangu ni mdogo." Mtu wa hapa hapa namkopesha, lakini mwisho 2,000, na ninaandika mbele yake, jina na kiasi, naye anaweka sahihi. Asiyejua kuandika nampeleka kwa mwalimu (hapa nacheka, lakini wawili wamekwenda kweli). Jumamosi ni siku ya kulipa. Asiyelipa Jumamosi hakopi Jumatatu. Nilidhani nitakosa wateja. Nilipoteza watatu. Watatu hao ndio waliokuwa hawalipi.

MWENZAKO AJUE

Kuna wanawake wanaoficha daftari waume wasilione, na wanaume wanaoficha mauzo ya mahindi wake zao wasijue. Sababu zao nazijua. Zipo nyumba ambamo fedha ikionekana inakwenda kilabuni. Mwenye nyumba ya namna hiyo simhukumu. Lakini pale inapowezekana, kaeni pamoja. Sisi tunakaa Jumapili jioni. Mimi nasoma, baba watoto anajumlisha kwa sababu yeye ni mwepesi wa hesabu. Jumapili ya kwanza alipoona ile 53,500 alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe na ile sigara yangu imo." Imo. Niliiandika.

Mtoto wetu aliingia kidato cha kwanza. Godoro tulikopa kwenye kikundi, viatu vilichelewa wiki tatu. Lakini aliingia.

MWILI NAO NI MTAJI

Wazee wanaikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973, "Mtu ni Afya". Vikundi vilikaa kusikiliza, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Mjasiriamali naye ni mtu. Mama akiugua wiki moja, kibanda kinafungwa wiki moja.

Mimi naamka saa kumi alfajiri ili chai iwe tayari kabla ya mabasi ya asubuhi. Saa ni ile ile kila siku, maana mteja akikukosa mara mbili, mara ya tatu amekwisha zoea kwa mwingine. Lakini anayeamka saa kumi lazima alale mapema. Nilikuwa nalala saa sita, kichwa kinauma, nakosea chenji. Sasa saa tatu usiku taa imezimwa. Jumapili sifungui. Moshi wa jikoni nao si wa kuzoea. Toboa dirisha, au pika nje panapowezekana. Na uonje chakula chako, ukae chini ule. Mama lishe wengi wanalisha watu kutwa wao wana njaa.

DAFTARI MBELE YA KIKUNDI NA MBELE YA KODI

Mkononi mwa mtu mwingine daftari lina kazi ambayo mimi sikuitazamia.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi kinachokwenda kuomba huulizwa kinafanya nini na kinapata nini. Wengine hujibu, "Tunafanya biashara mbalimbali." Wewe fungua ukurasa, uonyeshe.

Tuje kwenye kodi. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi 4,000,000 hakutozwa kodi ya mapato. Aliyezidi 4,000,000 mpaka 7,000,000, kama hana kumbukumbu, alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi 4,000,000. Aliyezidi 7,000,000 mpaka 11,000,000, asiye na kumbukumbu, 250,000. Mwenye kumbukumbu, 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi 7,000,000.

Hebu tupime kwa kibanda changu. Mauzo 195,000 kwa wiki, kwa wiki 50, ni 9,750,000. Kilichozidi 7,000,000 ni 2,750,000. Asilimia 3 yake ni 82,500. Ongeza 90,000, inakuwa 172,500. Bila daftari ni 250,000. Tofauti ni 77,500. Daftari lenyewe halifiki hata 3,000.

Viwango vya kodi huweza kubadilika bajeti inapopita, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizia vya mwaka huu katika ofisi ya TRA, uende na daftari mkononi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwandishi alianza na shilingi 200,000. Eleza kwa maneno yako fedha hizo zilikwenda wapi.

2. Mama mmoja anauza nyanya. Kwa siku ameuza 18,000. Nyanya alinunua kwa 11,000, ushuru 500, nauli 1,500. Amempa mtoto 1,000 na amenunua dagaa wa nyumbani kwa 2,000. Faida yake ni kiasi gani? Mkononi fedha zimeongezeka kiasi gani?

3. Je, katika kikundi chenu mna desturi gani ya kukopesha? Ni ndugu gani mnaoshindwa kuwakatalia, na kwa nini?

4. Mwandishi alimshuku binti kabla ya kuhesabu. Kama binti yule angekuwa wa kwako, ungependa afanyiwe nini?

5. Leo jioni piga mistari ukurasa mmoja. Andika siku saba. Njoo na ukurasa huo kisomoni, hata kama una makosa.